Wanasema Hadithi Zangu Ananipa Babu

Harufu ya udaga, mihogo iliyovundikwa, ukiizoea utotoni haikutoki puani. Ni harufu chachu, kama ya uji uliosahaulika siku tatu, na ndani yake kuna tope la ziwa na mawe yaliyochomwa na jua. Kwetu Kigongo, upande huu wa kivuko cha kwenda Busisi, mihogo ilimenywa, ikarundikwa na kufunikwa majani mpaka ikaota ukungu. Halafu wanawake walikaa chini, wakaukwangua ule ukungu kwa visu, wakaivunjavunja mihogo na kuianika juu ya mawe makubwa yaliyo karibu na maji. Kazi yangu mimi, likizo ile ya kiangazi nikiwa darasa la tano, ilikuwa kufukuza mbuzi na kuku. Ni kazi ya kukaa. Unakaa juu ya jiwe la moto, umejitanda kipande cha khanga kichwani, unasikia visu vinakwangua kwaru kwaru, na mdomo unabaki hauna shughuli. Hapo ndipo mambo yangu yalipoharibikia.

Leo naandika vitabu vya mapenzi, mapenzi ya watu na wasio watu. Mzimu anampenda mshonaji, jini anaacha ukoo wao kwa ajili ya muuza mkaa, ndiyo mambo yangu hayo. Naandika kwa mkono kwenye madaftari makubwa, hapa Pasiansi ninapoishi, kisha nampelekea binti mmoja wa steshenari kule Nyamagana. Anachapa, ananisahihishia, maana shule yenyewe niliishia njiani, tunatoa nakala na kuzibana kwa gundi. Hakuna aliyenichapishia, nimejichapishia mwenyewe. Wanaonunua ni wasusi, wauza mitumba, na wale wadada wa hospitali wanaokesha zamu. Wanavipenda, siwezi kusema uongo. Lakini kila mmoja, akishamaliza kusifu, anasogea karibu na kuniuliza kwa sauti ya chini: mama, nani anakupa hizi hadithi? Nikisema nazitunga mwenyewe anatabasamu, kama mtu aliyenyimwa siri. Swali hilo lina wenyewe waliolianzisha, na nitawataja.

Wa kwanza ni Mjomba Masanja, kaka yake mama. Baba alipomfukuza mama tulirudi kwake, na tulikaa pale kama watu waliokaribishwa kwa siku mbili. Mjomba alikuwa na binti, Kabula, miaka kumi na saba, ambaye tulitumwa naye kulinda udaga. Ila Kabula hakulinda kitu. Kila kivuko kilipofunga gati upande wetu alipotea nyuma ya mawe, kwa sababu palikuwa na kijana anaitwa Deus, kazi yake kufunga kamba za kivuko. Alirudi khanga imelowa mpaka magotini, anacheka peke yake. Siku moja Mama Shija, jirani yetu mwenye ulimi, akaniuliza dada yangu yuko wapi. Ningesema ukweli, Mjomba angemchapa Kabula mpaka atoke damu. Nikasema kaitwa na mwanaume anayetoka ziwani.

"Ana kazi huyo mwanaume?" Mama Shija akasema. "Maana hawa wetu wa nchi kavu hawana."

Wakacheka wote. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaongeza. Nikasema ni mrefu, mikono yake ya baridi, shati lake halikauki hata akae juani kutwa. Nikasema anamwita Kabula mke wangu, na anamwomba kitana achane nywele kwa sababu huko chini maji yanazivuruga. Kesho yake wakataka niendelee. Siku ya tatu hakuna aliyecheka, na siku ya tano niliona wanakwangua polepole ili mihogo isiishe kabla ya hadithi. Mtoto wa mwanamke aliyefukuzwa, watu wazima wananisubiri mimi nimeze mate. Sijawahi kupata utamu kama ule tena, hata siku nilipokishika kitabu changu cha kwanza kikiwa bado kina joto la mashine.

Kosa langu lilikuwa kidole. Kama siku ya tisa hivi Mama Shija akauliza mikono ya yule mtu ikoje hasa. Nikampa mikono ya fundi baiskeli wa pale senta, ambaye kidole chake kidogo cha kushoto kilikatika. Visu vikanyamaza. Mimi sikujua kwamba babu, baba yake Mjomba Masanja, aliyezama ziwani kabla sijazaliwa na mwili wake usionekane, naye hakuwa na kidole hicho hicho. Mambo yake hayakuzungumzwa mbele ya watoto. Na kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, ni utani wa kawaida kabisa, kila babu anafanya. Kwa hiyo maneno yote ya mapenzi niliyoyatunga yakageuka, yakakaa sawasawa mdomoni mwa marehemu. Mzee hajazikwa, ana baridi, anamwita mke wake. Mama Shija alitupa kisu akakimbilia nyumbani kwetu.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, Mjomba akaniita uani. Nikamwambia nimedanganya. Nikamwambia ni fundi baiskeli. Akanitazama kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao, akasema, "Ndivyo alivyokuwa mzee. Ukimbana, anakana." Sasa mtu akishasema hivyo utajitetea kwa lugha gani? Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa, wakisema mzee amenipanda, ndiye anayesema kwa mdomo wangu. Akaletwa mfumu, mganga wa kutoka ng'ambo ya Busisi, nikafunikwa shuka nikafukizwa majani mpaka nikaanguka, na kuanguka kwenyewe kukawa ushahidi. Nikavishwa shanga nyeupe. Nikapewa kigoda cha babu. Watu wakaanza kuja na kuku na mbuzi, wakitaka mzee aulizwe habari za ng'ombe waliopotea na wake waliokimbia. Mjomba akatangaza kwamba shule basi, kiti cha mzee hakiwezi kuchapwa fimbo na mwalimu.

Ilibaki wiki moja shule ifunguliwe. Niliyahesabu matumaini yangu, yalikuwa matatu. La kwanza mama. Mama alinisikiliza, akajua nasema kweli, niliona kwenye macho yake kwamba anajua. Lakini tangu nivae shanga alikuwa anapewa nyama ya mbavu na kuitwa mama wa mzee, hakuna tena aliyemwambia achukue mtoto wake aondoke. Akasema, "Vumilia kidogo, mwanangu." La pili Mwalimu Protas. Alikuja kweli, kwa baiskeli, suruali imebanwa kwa pini ya nguo, akasema mtoto huyu ana akili na sheria inataka asome. Mjomba akamchinjia kuku. Walipomaliza kula mwalimu akasogeza kiti karibu na kigoda changu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mzee," akaniambia mimi, mtoto wa darasa lake. "Nimeomba uhamisho kwenda mjini. Nitapata?"

Nikamjibu sijui. Akashukuru.

La tatu lilikuwa Kabula. Nilimfuata juu ya mawe nikamwomba aseme neno moja tu, Deus, nirudi shule. Alilia, hilo nalisema kwa haki yake. Kisha akafuta uso. "Kadia, mdogo wangu, nikilitaja hilo jina baba ataniua. Wewe umekaa kwenye kigoda unaletewa nyama. Shule inakupa nini?" Jumatatu kengele ililia, niliisikia kutoka uani nikiwa nakandwa mafuta. Mwezi uliofuata jina langu lilikatwa kwenye daftari la mahudhurio, na mkono uliolikata ni wa Mwalimu Protas. Uhamisho aliupata. Akamsifu mzee kila alikopita.

Nilikaa kwenye kigoda kile mpaka nikawa mkubwa wa kuweza kukimbia. Kifua changu kimebaki kibovu kwa sababu ya ule moshi. Nimeuza samaki, nimefua nguo za watu, nimeolewa na kuachika, na kuandika nimeanza nikiwa na wajukuu, kwa herufi zile zile za darasa la tano. Siku hizi pale Kigongo kuna daraja, magari yanapita juu bila kusimama, na juu ya mawe yetu ni wachache wanaoanika udaga. Mwaka jana Mjomba Masanja alifariki. Nilienda msibani kwa sababu moja: aliyekuwa anaogopwa hayupo tena, na shahidi wangu yu hai.

Kabula sasa ni bibi, amejaa, miguu inamsumbua. Nilimkuta jikoni kwenye masufuria ya msiba, akiwa na kitabu changu mapajani, kimechakaa kwa kusomwa. Nikamwambia, dada, baba yako tumemzika, toka hapo nje uwaambie ulikuwa unaenda kwa Deus. Waambie niliitunga mimi.

Akakoroga mchuzi. "Deus alihamia kivuko kingine hata hakuniaga," akasema. "Huyu wako wa ziwani aliniomba kitana. Kadia, mimi nimeishi na huyo miaka yote hii. Unataka nitoke nje nikaseme hakuwepo?"

Nilikuwa nimeandaa matusi tangu Pasiansi. Badala yake nikaanza kupiga hesabu. Nilikuwa mtoto, nikasema nimetunga, waoga na walafi wakanikatalia. Sasa ni mtu mzima, nasema nimetunga, na anayenikatalia ni mtu aliyenisoma kuliko wote. Watu wakawa wanaingia jikoni na sahani, Kabula akawapakulia, akawaambia huyu ni mdogo wangu, ndiye yule anayepewa hadithi na babu. Wakanisalimu kwa magoti. Nikaitikia, nikachukua sahani yangu, nikala.