Mikono ya Msusi

Wateja walimwita Tulia, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Ndilo neno alilowapigia kelele kutwa nzima wakigeuza shingo kabla hajamaliza kusuka: "Tulia!" Yeye mwenyewe kutulia hakujui. Alisuka huku anapiga domo, na mguu wake haukuacha kufuata muziki wa redio.

Kaka yake, fundi bomba, alipopatikana na saratani ya damu, Tulia ndiye aliyemnyoa kabla dawa hazijamng'oa nywele. Alinyoa bila kulia, kisha akaenda kulia chooni.

Ugonjwa ulitulia kidogo, ukarudi kwa kishindo. Daktari akawaeleza bila kuzunguka: uboho wa mifupani, inakotengenezwa damu, watauua wote kwa dawa kali, kisha watapandikiza seli kutoka kwa ndugu anayelingana naye. Ndugu watatu wakapimwa. Aliyelingana ni Tulia peke yake.

Mama yao akaja juu. "Sikubali! Mmoja yuko kitandani, na wewe ukalale pembeni yake? Mimi nibaki na nani?"

"Mama, hawanikati mguu. Damu inatoka mkono huu, mashine inachuja seli, inayobaki inarudi mkono huu."

"Na isiporudi?"

"Nitakuja kukulalamikia."

Mama hakucheka. Aliingia chumbani akajifungia. Tulia, ambaye hakuwahi kumpinga mama yake, akaenda hivyo hivyo, roho ikimuuma.

Kwanza alichomwa sindano za kuzitoa seli ubohoni ziingie kwenye damu. Mifupa ilimuuma mpaka akawa anasuka ameketi. Wateja walipomsihi apumzike, aliwaambia wanyooshe shingo.

Siku yenyewe alilazwa kwenye kiti kirefu, sindano mikono yote miwili.

"Usikunje mikono mpaka tumalize," alisema muuguzi.

"Dakika ngapi?"

"Saa nne, tano hivi."

"Mungu wangu!"

Haukupita muda pua ikaanza kumwasha. Mkono ukajikunja wenyewe, mashine ikapiga kelele.

"Dada, tulia," alisema muuguzi.

Tulia aliona aibu, kisha akakaza meno. Uboho wa kaka yake ulikuwa umeshauawa, na seli zisipotosha hakuna pa kurudi. Basi pua na iwashe mpaka idondoke. Hajikuni ng'o.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama. Hakusalimia mtu. Alimtazama binti yake anavyokunja uso, akavuta kigoda, akaanza kumkuna pua taratibu.

"Mbishi kama baba yako," alisema, machozi yakimlengalenga. Hakuacha kukuna.

Zikafuata wiki za kumwangalia kaka kupitia kioo cha chumba alikotengwa, homa ikipanda na kushuka, mdomo umejaa vidonda, hata maji kuyameza ni kazi. Asubuhi moja daktari akasema seli zimeshika, zinatengeneza damu. Tulia aliamini nusu.

Nusu iliyobaki aliiamini miezi kadhaa baadaye, kaka alipoingia saluni, akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha wateja. Kichwani zimeota nywele laini kama za mtoto mchanga. Tulia alichukua kitana, akakirudisha mezani, akakichukua tena. Alipozigusa zile nywele, mikono yote miwili ilimtetemeka, asiweze hata kuificha.

Kaka aliishika, akaituliza mabegani mwake.

"Tulia, mdogo wangu," alisema. "Nipo."