Taa Iliyorudi Peke Yake

Ng'washi hutengeneza taa za kuvulia dagaa kwa mikono yake, na ukimpelekea taa mbovu ya dukani atakucheka kwanza ndipo aitazame. Kibanda chake kiko Ilemela, juu kidogo ya mwalo wanapoegesha mitumbwi ziwani, kimejaa betri za pikipiki, nyaya, na mifuniko ya sufuria kuukuu anayoifunga nyuma ya balbu ili zisiungue kwa joto. Rafuni pana taa moja iliyofunikwa kanga. Hiyo haiuzi, haiwashi, wala hapendi kuulizwa habari zake.

Ilikuwa ya Malimi, mumewe. Alfajiri moja ilirudi peke yake juu ya boya lake, mawimbi yakaisukuma hadi mchangani, ingali inawaka. Ng'washi akaiokota, akaizima. Ndivyo wafanyavyo wake wote wa wavuvi wa dagaa: taa ikigusa nchi kavu huzimwa, betri isiishe bure. Mkono ulifuata mazoea kabla moyo haujauliza mwenyewe yuko wapi. Malimi hakuonekana tena, hata nguo yake. Watu walimwambia kazi ya Mungu haina makosa. Lakini yeye aliamini jambo moja: mumewe alikuwa majini akiitazama taa ile, na mkewe ndiye aliyeizima.

Kisha akaja Safia, binti wa jirani. Marehemu baba yake, mtu wa Tanga, alimwachia tangi la kioo lenye maji ya chumvi na matumbawe hai. Taa ya tangi ilikuwa imeungua, na kwa bei ya mpya mtu angenunua mtumbwi.

"Shikamoo mama. Nitengenezee yoyote ile, bora yasife. Ndicho kitu pekee cha baba kilichobaki hai."

"Marahaba mwanangu. Tutajaribu."

Alijaribu balbu za dukani, zile za njano. Matumbawe yakazidi kupauka.

"Yanataka mwanga wa bluu, kama wa chini baharini," Safia alisema, karibu kulia.

Ng'washi akaitupia jicho ile kanga rafuni. Balbu za bluu alijua ziko wapi. Malimi alizisaka mji mzima, akishikilia kwamba dagaa wanazipenda, na siku hizi hazipatikani tena. Siku kadhaa aliiona kanga ile ikicheza pasipo upepo, au labda alidhani tu. Mwishowe akaiteremsha taa nzima nzima, maana kuichokonoa balbu hakuweza.

Walipoiwasha juu ya tangi, nyumbani kwao Safia, vivuli vya maji vilitanda hadi darini. Ng'washi akajiona yuko chini kabisa, anatazama juu kwenye taa. Kumbe hivi ndivyo Malimi alivyoiona! Akakaa sakafuni na kulia waziwazi.

Jioni Safia akanyoosha mkono kwenye swichi. "Matumbawe nayo yanahitaji giza, mama. Yasipopumzika yatakufa."

"Usiguse!"

Akainuka, akaishika swichi mwenyewe, akaita kwa sauti ya mke anayemwita mumewe kula: "Malimi! Umefika?"

Wakasubiri. Ilisikika pampu ya tangi tu. Ndipo Ng'washi akaizima.

Sasa matumbawe yamerudiwa na rangi, na Safia haizimi taa ile kamwe. Humwachia Ng'washi, ambaye huja kila jioni. Huita kwanza, husubiri jibu, ndipo huzima.