Kitovu cha Mkia

Shemeji yangu, mjane wa kaka, alichora mabango kwa mkono miaka ishirini na mbili, na mtaa mzima unamwita Mama Brashi. Mashine za kuchapisha zilipoingia, kazi ikakauka. Wengine wangekunja jamvi. Yeye akaazima kompyuta ya binti yake, akaanza kujifunza kutengeneza katuni. Mimi, mtani wake, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Daktari wa meno alimpa nafasi moja tu: samaki wa kuogelea kwenye skrini ya chumba cha watoto, mwisho Ijumaa asubuhi. Akishindwa, kazi inapewa kampuni, na Mama Brashi anabaki na makopo yake ya rangi iliyoganda.

Jumatano nikamkuta amenuna. Maji yalikuwa buluu safi, mapovu yanapanda, majani yanayumba. Ila kila alipoupa mkia amri upepee, ulizunguka kama pangaboi.

"Shem, huyo ni samaki au helikopta?"

"Cheka tu. Hayo meno yako Ijumaa nayapeleka kwa daktari."

Binti yake alikuwa amemweleza kwamba kila kipande cha mchoro kina kitovu, yaani nukta ambayo kinaizungukia. Sasa kwa Mama Brashi kitovu ni katikati ya tumbo, basi kila kitu akakiweka kitovu katikati: mkia, mapezi, mpaka taya. Siku mbili nzima! Nikainuka niende zangu; nilipoufungua mlango, ukalia. Akaukazia macho.

"Fungua tena." Nikafungua. "Funga." Nikafunga. Nilidhani amechanganyikiwa.

"Mlango hauzunguki katikati," akasema. "Unazungukia bawaba! Hebu nipishe, unanizibia mwanga."

Akasogeza kitovu cha mkia hadi pale unapoungana na mwili. Mkia ukapepea. Cha taya akakirudisha nyuma, mdomo ukawa unafunguka na kujifunga. Hata kuniaga hakuniaga.

Ijumaa nilimsindikiza. Kwenye kiti cha daktari kulikuwa na mtoto wa kike aliyeziba mdomo kwa mikono miwili, mama yake amembembeleza hadi amechoka. Samaki akatokea kwenye skrini, akaachama. Mtoto akamtazama, akashusha mikono, akaachama pia. Daktari akainama haraka na kitochi chake.

"Huyo samaki asizimwe," akasema bila kugeuka.

Shemeji akanikanyaga mguu, kwa nguvu zote. Nilistahili.