Klachi Siitoi

Naikumbuka Idi moja, mwanangu, ambayo ndugu zangu wa hapa Soni wakitaka kunitania huigusia, na wakiona nimeinamia kazi huacha. Leo naitaja mwenyewe. Wiki iliyopita ulikuja hapa karakana na boti yako ya rimoti kwapani ukasema, "Shikamoo mzee. Naomba unitolee klachi, wenzangu wote bwawani wanakwenda bila." Nikakataa. Ukaondoka unanung'unika kwamba mzee anaogopa mbio. Nilikusikia! Nimetengeneza chensoo, hii misumeno ya injini, miaka mingi, lakini masikio haya hayajafa.

Basi kaa hapo, nikueleze ninachokiogopa.

Nilikuwa na umri kama wako, najifunza kazi kwa Fundi Kaoneka, bingwa wa pampu na chensoo. Bwana mmoja wa misitu alipohama aliniachia rimoti yake na boti tupu, haina injini, ukiisimamisha inanifika kiunoni. Nikaokota mashine ya kufyekea nyasi iliyokwisha kutupwa, nikatoa injini yake. Injini ile ilikuja na klachi: viatu viwili vidogo ndani ya kibakuli cha chuma. Injini ikizunguka polepole, viatu vimetulia na propela haigeuki. Ukiongeza mafuta, viatu vinatanuka, vinashika kibakuli, ndipo propela inaanza kazi. Ni hivyo tu, hakuna uchawi.

Fundi Kaoneka aliniambia niifunge kama ilivyo. Nikakataa, na sababu yangu angeitoa mtu wa milimani tu.

Baba alikwisha kufariki, na aliyetulea ni mjomba wangu Shabani, dereva wa lori la kabichi. Kila nilipopanda naye kushuka Mombo kule bondeni alinisomea sheria ile ile: "Mteremkoni klachi ni mwiko. Ukiikanyaga umeitenga injini na magurudumu, roho yako umeukabidhi mlima." Sisi watoto wa huku tulilishwa neno hilo pamoja na uji. Malori yaliyolala korongoni tuliyaona kwa macho. Kwangu klachi ikawa adui kabisa, kitu cha kuua watu. Nikaing'oa, nikaiunganisha injini moja kwa moja na shafti ya propela. Mjomba alipoona akanipiga bega, akasema, "Huyu ndiye mpwa wangu!" Nikavimba kichwa.

Fundi Kaoneka hakunisifu. "Mgosi," akaniambia, yaani bwana kwa Kisambaa chetu, "hilo bwawa lina mteremko gani? Sheria ya barabara umeipeleka majini. Injini ikiwaka tu, propela nayo imeanza. Na anayekushikia boti ana mikono, hana breki."

Nikamwona mzee amepitwa na wakati. Yaani kama wewe ulivyoniona mimi. Tena kwa ujuba nikachukua tupa, nikainoa ile propela ya shaba pande zote mbili, eti ipasue maji vizuri.

Aliyenishikia boti alikuwa Hadija, mdogo wangu wa kuzaliwa, fundi cherehani. Nguo za Idi za nusu ya Soni mwaka ule zilipita mikononi mwake. Idi pili tukaenda bwawani, watu wamejaa ukingoni na nguo zao mpya. Pale hakuna gati wala jiwe la kuwekea boti, ni matope. Hadija akaingia majini, akashika nyuma ya boti. Nikamwambia, "Kaza, usiachie mpaka niseme."

Nikavuta kamba mara tatu. Ya tatu injini ikawaka, na hapo hapo boti ikaruka. Angeiachia yangekwisha. Lakini nilimwambia asiachie, na Hadija ni mtu wa kushika neno. Ikamburuta, ikalala ubavu, mkono ukateleza nyuma. Sauti yake sikuisikia kwa ngurumo ya injini. Niliona maji tu yamebadilika rangi.

Kidole chake cha shahada, mkono wa kulia, kilibaki nusu. Mkono wa mshonaji, mwanangu! Kidole kile ndicho kilichokuwa kinaongoza kitambaa chini ya sindano. Mpaka leo nikilisimulia hili naona aibu, na wala siombi aibu hiyo iniishe.

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia. Nilikuwa na wakuu wawili, nikamfuata yule aliyenisifu. Na aliyevunjika si mimi.

Baada ya hapo kila mtu akawa na lake. Majirani wakasema michezo ya kizungu imetuletea balaa. Mjomba Shabani, yule yule wa kunipiga bega, akasema boti ina mkosi, ichomwe moto. Nikaona wana haki. Nikachukua shoka, nikaitoa boti uani. Hadija akatokea mlangoni, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kifundo.

"Weka shoka chini," akasema. "Ukiivunja, kidole changu kimekwenda bure. Rudisha klachi. Na bwawani nitaishika mimi, si mtu mwingine."

"Hadija, watu watasemaje?"

"Kwani watu ndio wananishonea?"

Nikaweka shoka chini. Ungekuwepo na wewe ungeliweka.

Nikaenda kwa Fundi Kaoneka, nikampa shikamoo huku natazama chini. Akaitika marahaba. Nilingoja anitukane, maana nilistahili. Aliniuliza jambo moja tu: Hadija amesemaje? Nikamwambia anataka klachi irudi na boti aishike mwenyewe. Akainuka, akaniletea kibakuli na viatu vyake, nilivyokuwa nimevitupa kwenye vyuma chakavu na yeye akaviokota. "Basi funga," akasema. "Anayeshika ndiye mwenye kauli."

Mimi nilifunga kwa siku mbili. Hadija ilimchukua miezi. Alikuwa anajifunza kuongoza kitambaa kwa kidole cha kati, na mshono unakwenda upogo. Anafumua, anashona, anafumua tena. Wateja wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao, wanajifanya wamebadili mawazo. Aliwapa, hakumbembeleza hata mmoja. Ilipokaribia Idi iliyofuata, nusu yao walikuwa wamerudi.

Idi hiyo tukaenda tena bwawani. Watu walikuwa wengi kuliko mwanzo, na nasema bila haya kwamba wengi walikuja kuona damu. Mjomba alisimama mbali amekunja mikono. Hadija akakunja gauni lake jipya, akaingia matopeni, akashika pale pale nyuma.

Nikavuta kamba. Injini ikawaka, ikakaa sailensa, inanguruma taratibu, na propela kimya. Haikugeuka hata kidogo. Hadija akawa ameishika boti inayonguruma kama mtu aliyeshika kuku. Nikamwambia, "Achia." Hakuachia. Akawatazama watu wa ukingoni mmoja mmoja, wale wa balaa na wale wa mkosi, mpaka wengine wakaangalia pembeni. Kisha akaiachia alipotaka mwenyewe. Nikaongeza mafuta, boti ikaondoka, na bwawa zima likapiga kelele. Mjomba alikuwa wa mwisho kupiga makofi, lakini alipiga.

Sasa shauri lako. Wanaokwambia boti isiyo na klachi ina mbio hawakudanganyi. Ni nyepesi, nguvu yote inakwenda kwenye propela, na hakuna viatu vya kulika wala springi ya kukatika. Klachi nayo ina maudhi yake: ikilowa mafuta inateleza, na ule uzito wake siku ya mashindano utakufanya uachwe. Achwa! Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Siku mkiwa na stendi ya kuwashia, propela inaning'inia hewani, swichi ya kuzimia ipo kwenye rimoti, na mkono wa mtu hauko karibu, fungeni mnavyotaka, sitawazuia. Lakini bwawa letu ni matope mpaka magotini, na boti inashikwa na binadamu. Wiki iliyopita nilikuuliza nani atakushikia. Ukanijibu, "Mtu yeyote tu." Mwanangu, huyo mtu yeyote ana jina, na ana kazi anayoifanya kwa mikono.

Kwa hiyo usichague injini kwa kutazama wenzako wanasemaje. Tazama mkono ulio karibu na propela ni wa nani, umuulize yeye kwanza. Na mtu akikusifu sana kabla hujawasha, hata awe mkubwa wako, mheshimu, ila sifa zake usizifuate.

Klachi siitoi. Waambie wenzako mzee ni mwoga, mkaidi, amezeeka, vyovyote wanavyopenda. Ila nakupa njia moja. Nenda barazani kwa Hadija, yuko kwenye cherehani yake saa hizi. Mpe shikamoo, kaa hapo mbele umtazame anavyoongoza kitambaa, kisha mwombe ruhusa uitoe. Akikuruhusu, niletee boti, nitaitoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akujalie mbio na akili ya kusimama. Akulindie vidole vyako kumi, na kumi vya atakayekushikia.