Historia Fupi ya Bibi Magdalena

Nikipita soko la Gungu, harufu ya dagaa wakavu ikinigonga puani, moja kwa moja namkumbuka Bibi Magdalena, mama yake mama, aliyekuwa akifichwa chumbani.

Msituone wabaya. Ujanani Bibi aliugua ukoma, akatibiwa, akapona kabisa, ila vidole vilikuwa vimeshakwenda. Mama alianika dagaa ufukweni Ujiji, na nani angenunua dagaa waliogeuzwa na mikono ile? Basi wachuuzi wakitokea, Bibi aliingizwa ndani, mlango ukarudishwa, nami nikawekwa naye eti nimtulize. Wala hakuhitaji. Alicheka, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, kisha akaanza kunisimulia maisha yake: mume aliyemfukuza, kibanda alichojengewa peke yake ng'ambo ya mto, mtoto aliyenyang'anywa angali ananyonya, ambaye ndiye mama yangu, vidonge, na siku alipoambiwa amepona. Kisha lazima nirudie. Nikikosea, ananirudisha mwanzo. Jamani, nilichoka! Nikadhani ni uzee tu.

Alipofariki, Mama alimwomba mjomba asome historia fupi ya marehemu, na iwe fupi kweli. Tukiwa makaburini, mjomba akasoma: alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto wawili, akaugua kwa muda mfupi. Basi. Watu wakainamisha vichwa. Nami, mtoto wa darasa la tatu, nikapaza sauti kama nilivyozoea kule chumbani.

"Mjomba, umeruka. Bibi alikuwa na ukoma, akapona."

Mama alinibana mkono mpaka ukafa ganzi. Nikaendelea hadi mwisho, kibanda, mto, mtoto na vyote.

Baada ya matanga wachuuzi wakaacha kuja. Dagaa wakatuozea, tukala wenyewe mpaka tukawachukia, hatimaye tukahamia Gungu. Mama hakunipiga. Aliacha tu kuniita kwa jina, miezi na miezi, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Nilishakuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba Bibi hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Alijua Mama hatathubutu, na mjomba hatathubutu, maana walikuwa na biashara na majirani wa kupoteza. Alihitaji mtu mmoja nyumbani ambaye bado hajafundishwa kumwonea aibu, na wao wenyewe ndio walionifungia naye chumbani.