Oktobafest ya Septemba

Neno lenyewe nililisikia kwanza kwa mke wangu, kwa simu. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za jengo la ofisi kule Murabba, Riyadh, nikila wali wangu wa mchana. Mimi ni fundi wa AC. Yeye ni mhudumu wa hoteli Nairobi. Tulikuwa na miaka miwili ya ndoa, na mwaka mmoja na nusu kati ya hiyo nilikuwa nimeishi huko.

“Wikendi hii usinitafute mchana,” akasema. “Tuna Oktobafest.”

“Ni nini hiyo?”

“Sherehe ya bia ya Wajerumani. Hata nguo tumeshonewa.”

Jumamosi akatuma picha. Gauni la kijani lenye kamba kifuani, mabega wazi, vikombe vinne vikubwa vya bia mikononi. Kando yake alisimama mwanamume mwenye kofia iliyochomekwa unyoya, mkono kiunoni mwa mke wangu. Naye alikuwa akicheka kile kicheko nilichodhani ni changu peke yangu. Niliivuta ile picha mpaka vidole vya yule mtu vikajaa kioo, nikitafuta kama ana pete. Hakuwa nayo.

Mwenzangu wa chumba pale mtaa wa Malaz, dereva kutoka Kitale, aliichungulia juu ya bega langu.

“Buda, huu ni mwezi gani?”

“Septemba.”

“Sasa Oktobafest ya Septemba umeiona wapi? Unachezwa.”

Ningemwambia anyamaze. Badala yake nilishika simu nikampigia mke wangu palepale, dereva akisikia.

“Hata ukinidanganya, angalia kalenda kwanza,” nikamwambia. “Oktoba haijafika.”

“Umesema nini?”

“Umesikia.”

Akakata. Wiki nzima hakujibu ujumbe wangu, ingawa nilimwona yuko hewani. Kazini nilikuwa nikitoa simu kila nikishuka ngazi, mpaka msimamizi akafoka, “Mafi simu! Yalla, kazi!”, yaani hakuna simu, haya, kazi. Niliwaonea wivu wateja wa ile hoteli, wapishi, hata mlinzi wa getini anayemwona akiingia asubuhi.

Halafu nikatumwa Jeddah kusaidia kufunga mitambo ya kupoza hewa. Nililala mtaa wa Bani Malik na mafundi wengine, na mchana tulifanya kazi chini ya injinia mmoja Mjerumani, mzee mpole aliyekunywa soda ya shayiri, ile isiyo na kilevi. Siku ya tatu, tukiwa kwenye chakula, nilimuuliza kama sherehe yao ya Oktoba inaweza kufanywa Septemba.

Alicheka. “Huanza Septemba! Zamani ilikuwa Oktoba, lakini baridi ilizidi, wakaisogeza mbele. Jina likabaki.” Akanionyesha mkewe kwenye simu, mama mwenye mvi, gauni la kamba kifuani. “Kwa nini unauliza?”

Nilitoka nje kwenye joto nikampigia mke wangu, na safari hii akapokea.

“Nisamehe,” nikasema. “Injinia wetu hapa ni Mjerumani. Amenieleza kwamba huanza Septemba.”

“Kwa hiyo umemwamini?”

“Ndiyo.”

“Mtu umemjua siku tatu.”

Na wivu, Mungu anisamehe, ulikuwa bado unanisukuma.

“Na yule mwenye kofia?”

“Muulize Mjerumani wako,” akasema, akakata.

Desemba nilienda nyumbani likizo. Alinipokea uwanja wa ndege, akanipikia, akanitembeza kwa jamaa, lakini ilichukua siku sita kabla hajacheka mbele yangu. Nilikuwa nimejigonga kichwa kwenye kabati la jikoni, nikatukana kwa Kiarabu. Yule wa kofia sikumtaja tena. Nilirudi Riyadh, lakini mkataba ulipoisha sikutia sahihi mwingine, na kafili, mwajiri aliyenidhamini, aliponiuliza sababu nilimwambia ni joto.