Maharage ya Karuba

Juzi, kwenye benchi la shule huko Karuba, nilimwona mtafiti akipima watoto wa miaka sita. Kundi moja lilipitia maternelle, shule ya chekechea ya pale. La pili, la wakimbizi kutoka Burungu, halikuwahi kuingia humo. Lilikuwa la kulinganishia.

Akamwaga maharage mezani. Watoto wa makundi yote wakahesabu hadi ishirini, wakiyasukuma mawili mawili, vilevile kabisa. Mtafiti akajikuna shingo kwa kalamu yake ya bic.

"Hawa wa Burungu nani aliwafundisha?"

Mama mmoja wa Karuba akamshika bega bintiye wa kundi la kwanza. "Bale balikimbia vita, tukabapokea kwetu. Tukichagua maharage, huyu wangu anahesabu, batoto babo banaitika nyuma yake."

"Mama, hivyo njo munaharibu utafiti."

"Papa, ningemufunga mutoto kinywa?"

Mtafiti akafungua daftari. Aliandika polepole, nami nikachungulia: "Hakuna tofauti."

Ni kweli, haikuwepo, na ndiyo maana nina hasira. Huko mbali mtu atasoma maneno hayo mawili na kuamua kwamba maternelle ile haikusaidia kitu, kumbe ilimfundisha hata mtoto ambaye hakuwahi kukanyaga mlangoni pake.